Umepasuliwa Kiuno, Mbona Bado Chauma?

Mgonjwa arudipo Lodwar au Kakuma baada ya kupasuliwa mgongo, jamaa huja kumjulia hali, na swali lao huwa ni moja: "Umepona?" Wengi hushindwa kulijibu. Mguu uliokuwa ukiwaka moto umetulia, lakini kiuno bado kinauma, na hata kuinama avae viatu ni shida. Baadhi huamini wamepasuliwa bure, wakajilaza kitandani kwa miezi. Hapo ndipo ulemavu wenyewe huanzia.

Yafaa kwanza ujue ni nini kilichotolewa. Kati ya pingili za uti wa mgongo mna diski, mfano wa mpira laini, zinazozuia mifupa isisagane. Diski ikipasuka hutokeza nje na kuugandamiza mshipa wa fahamu uendao mguuni, na ndiyo maana maumivu hushuka kutoka kiunoni, yakapitia makalioni hadi kwenye wayo. Daktari mpasuaji huondoa kipande kile kinachogandamiza. Hakupi diski mpya, wala hafuti uchakavu wa miaka mingi ya kubeba mizigo.

Kwa hiyo maumivu ya mguu ndiyo hutangulia kuondoka, pengine siku ileile. Ya kiuno hupungua polepole, kwa majuma na miezi. Ganzi ya vidole hukawia zaidi, na mshipa uliogandamizwa kwa muda mrefu huenda usirudie kamwe hali yake ya awali.

Sasa utajuaje kama unaendelea vyema? Usiyapime maumivu peke yake. Mwaka 1980 daktari Jeremy Fairbank na wenzake wa Uingereza walichapisha orodha ya Oswestry, yenye sehemu 10 zinazouliza unaweza kufanya nini: kuoga na kuvaa, kuinua kitu, kutembea, kuketi, kusimama, kulala, hata mambo ya chumbani. Wewe jiulize vivyo hivyo kila mwezi. Je, unaweza kukaa juu ya ekicholong na kuinuka bila kushikwa mkono? Unafika sokoni kwa miguu? Unavumilia safari ya Lodwar hadi Kakuma, takriban kilomita 120, bila kuomba gari lisimame? Ukiona majibu yanabadilika, unapona, ijapokuwa kiuno kingali kinanung'unika.

Huenda ukauliza kama kulikuwa na haja ya kisu. Uchunguzi wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2007, wa wagonjwa 283, ulionyesha kuwa waliopasuliwa mapema walipata nafuu kwa kadiri ya majuma 4, na waliongoja kwa majuma 12. Baada ya mwaka mmoja, watu 95 hivi kati ya 100 walikuwa wamepona katika kila kundi, ingawa takriban 39 kati ya 100 waliongoja waliishia kupasuliwa. Kwa mtu ambaye bado anatafuta nauli ya kwenda Eldoret, na ambaye hana dalili za hatari, kungoja akitumia dawa na mazoezi si ujinga. Lakini kwa mwenye duka, miezi miwili ya nafuu ni mali.

Ukishapasuliwa, tembea tangu siku za kwanza, asubuhi kabla jua halijawa kali, ukiongeza mwendo kidogo kidogo. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Waachie wengine mpaka daktari akuruhusu, jambo ambalo huweza kuchukua miezi mitatu. Mama wengi hupuuza agizo hili kwa sababu maji hayajileti nyumbani, kwa hiyo kina baba, lisomeni mara mbili. Kazi nyepesi ya mezani huweza kuanza mapema zaidi, ila uinuke mara kwa mara.

Homa, usaha kwenye kidonda, mguu unaozidi kulegea, ganzi makalioni na sehemu za siri, au kushindwa kukojoa au kuzuia haja: hayo hayangoji tarehe ya kliniki. Nenda hospitali usiku huohuo.