Kabla ya Kununua Land Rover ya Zamani Ufipa: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Land Rover 109 iliyolala bandani Laela au Namanyere miaka ishirini, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva, siku hizi ina wateja. Tangu Arusha ilipokusanya Land Rover kwa mamia kwenye tamasha la Oktoba 2024, madalali wametambua kwamba uzee nao unauzika. Wanapanda Ufipa, wanapitia vijijini, wanashuka na magari, na kila gari linashuka na hadithi yake. Kama umekusudia kununua, haya hapa. Usiyapunguze.

SOMA CHESISI KABLA YA KADI. Lala chini, chafuka. Kwenye Series II na IIA namba imegongwa kwenye chesisi yenyewe, mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikiliwa. Tope na grisi ya miaka sitini vimeifunika, kwa hiyo nenda na brashi ya waya, mafuta ya taa kidogo, tambara na tochi. Sugua polepole, piga picha, andika tarakimu moja moja. Ndipo uombe kadi. Wengi hufanya kinyume: wanaikariri namba ya kwenye kadi, kisha wanaiona kwenye chuma hata pale ambapo 3 ni 8.

USIPITISHE GRAINDA WALA MSASA kwenye namba. Iliyolika kwa kutu inaweza kusomeka. Iliyosagwa haisomeki tena, na atakayeulizwa ni wewe.

USITEGEMEE KIBATI. Kile kibati cha ndani ya gari kimeshikwa na riveti chache, na fundi mwepesi anakihamisha kabla chai haijapoa. Tena Land Rover ina tabia yake: bodi ni ya aluminiamu, haishiki kutu kama chuma, lakini chesisi ni ya chuma na inaoza. Ndiyo maana bodi ya gari moja huishia juu ya chesisi ya gari jingine, na kibati cha la tatu kikaja kuwasalimia. Ukiambiwa "kibati na kadi vinalingana", jibu kwamba hukuuliza hilo. Umeuliza chesisi.

ZIJUE TARAKIMU TATU ZA MWANZO. Kwa 109 ya petroli ya Series IIA, 251 ni gari la soko la Uingereza. 252 ni la kusafirishwa nje, usukani kulia. 253 lilitoka kiwandani likiwa vipande, likaunganishwe nchi nyingine. 254 na 255 ni za usukani kushoto. Sasa ukikuta Sumbawanga gari lenye 254 na usukani uko kulia, usimcheke muuzaji. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kongo na Burundi, wanaendesha kwa usukani wa kushoto. Huenda gari limevuka ziwa na karatasi zake zote halali, usukani ukahamishiwa kulia. Aliyelivusha atakuwa na nyaraka za forodha, na wewe utataka kuziona.

USINUNUE MWAKA KWA MASIKIO. Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Series II ilianza 1958, IIA 1961, Series III 1971. Mimi nimewahi kuuziwa hadithi, gari sikulinunua, kwamba Land Rover fulani iliachwa na Wajerumani wa Kasanga. Wajerumani walitoka Kasanga, wakati huo ikiitwa Bismarckburg, mwaka 1916. Uwe na macho pia: taa za mbele zilikaa katikati, karibu na rejeta, hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 zilipohamia kwenye mabawa. Mita za dashibodi zilikaa katikati hadi Series III ilipozileta mbele ya dereva. Kadi ikisema 1964 na mita ziko mbele ya dereva, kuna kitu kimebadilishwa. Muulize ni kipi.

AGIZA CHETI CHA KIWANDA, NA UKIAGIZE WEWE. Vitabu vya kiwanda cha Solihull viko kwenye jumba la makumbusho la British Motor Museum, Gaydon, Uingereza. Kwa malipo wanakutolea cheti kutoka kwenye vitabu hivyo: namba ya chesisi, namba ya injini iliyofungwa mwanzo, siku gari lilipokamilika, siku lilipoondoka, rangi yake, na lilikopelekwa. Wapeleke namba uliyoisoma mwenyewe chini ya gari, si ile uliyotumiwa kwa simu. Usipokee cheti kilichokwisha kuletwa na dalali, hata kiwe na fremu ya kioo. Cheti halisi cha gari jingine bado ni cheti halisi, na hapo ndipo watu wanapoumizwa.

USIKIPE CHETI KAZI ISIYO YAKE. Kiliandikwa kwa habari za siku gari lilipotoka kiwandani. Hakijui lilipopinduka kwenye mteremko wa kushukia Bonde la Rukwa, wala nani aliliiba, wala nani mmiliki leo. Hakithibitishi hadithi ya "gari la nzige" pia. Hadithi hiyo ina mzizi wa kweli: Bonde la Rukwa ni moja ya mazalia ya nzige wekundu, na shirika la kimataifa la kuwadhibiti lilikuwa na makao Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, tangu 1949. Magari yalishinda bondeni. Lakini cheti kitakutajia nchi, bandari au wakala, hakitakutajia dereva na pampu ya dawa. Ndivyo ilivyo kwa "gari la mapadri". Anayetaka pesa ya ziada kwa ajili ya hadithi alete picha ya zamani yenye namba ya gari, daftari, au kadi ya kwanza. Asipoleta, lipa bei ya gari.

USILITENGENEZE GARI LIFANANE NA CHETI. Hili nalisema kwa ukali kuliko yote. Cheti kikija kinasema injini namba fulani, na gari lina nyingine, atatokea mtu wa kukunong'oneza kwamba ana matindo ya kugongea namba. Mfukuze. Kughushi namba ni kosa la jinai, na injini iliyobadilishwa si aibu Ufipa. Kabla lami ya kutoka Tunduma haijafika, masika barabara ilikuwa tope tupu, na gari lililokufa injini lilifungwa injini iliyopatikana, likapeleka mahindi sokoni na mgonjwa hospitali. Fundi aliyefanya hivyo aliokoa gari. Andika kwenye mkataba: injini si ya kiwandani, rangi ilikuwa kijani, sasa ni nyeupe. Gari la namna hiyo lina bei yake ya haki. Lililogongwa namba halina bei yoyote, lina kesi.

NENDA TRA NA POLISI KABLA YA PESA. Chesisi, injini na rangi vilinganishwe na kumbukumbu za usajili, hasa kwa magari yaliyotoka kwenye namba za zamani za TZ, kwa sababu tarakimu moja iliyokosewa na karani inakaa kwenye kadi miaka yote. Kosa la namna hiyo arekebishe muuzaji, kwa jina lake, kabla hajakuuzia. Injini iliyobadilishwa nayo iingizwe kwenye kadi. Gari lililopitia Kasesya kutoka Zambia lioneshe ushuru wake. Usilipe yote kabla umiliki haujahamishwa, na usikubali "kadi iko kwa shemeji Mbeya".

USIENDE JIONI. Baridi ya Sumbawanga inaharakisha watu, giza linaficha ulehemu, na muuzaji anajua yote mawili. Nenda saa nne asubuhi na fundi wako, asiwe wake. Mkishindwa wote wawili kuiona namba kwenye chuma, rudi nyumbani na pesa zako.