Ajali kubwa: majeruhi yupi apelekwe hospitali ipi?



Tuseme lori limepinduka watu wakitoka sokoni. Walioumia ni 20, na gari la kuwabeba ni moja. Watu 3 wanatoka damu nyingi au wanapumua kwa shida, 5 wamevunjika mikono au miguu, 12 wana michubuko. Nani aondoke kwanza?

Mara nyingi wanaoondoka ni wale 12, maana wanapanda gari wenyewe. Wanafika mapema, wanajaza vitanda, na wale 3 wanakuta foleni. Tena watu humhurumia anayepiga kelele. Lakini anayelia bado anapumua. Aliyenyamaza ndiye wa kuangaliwa haraka.

Kwa hiyo wahudumu wa afya hutumia rangi. Nyekundu ni wale 3: waende penye upasuaji na damu ya kuongezewa, yaani hospitali, au kituo cha afya cha ngazi ya 4 kama hospitali iko mbali. Manjano ni wale 5, wanaoweza kungoja kidogo wakiwa wamefungwa vijiti vya kuzuia mfupa usicheze. Kijani ni wale 12. Kituo cha ngazi ya 3 kinawatosha.

Wekundu nao wakiwa wengi, wasirundikwe mahali pamoja. Usiku wa 11 Julai 2010, mabomu yalilipuka Kampala katika sehemu mbili, Kabalagala na uwanja wa raga wa Kyadondo. Watu zaidi ya 70 walikufa. Majeruhi wengi walipelekwa Mulago, hospitali kuu ya rufaa, na wengine wakapokelewa Nsambya, ambayo iko karibu zaidi na Kabalagala. Hospitali iwe kubwa namna gani, vyumba vyake vya upasuaji vikijaa, mgonjwa atangoja.

Kabla ya safari, kandamiza kidonda kinachotoka damu kwa kitambaa safi, wala usikiachie njiani. Kazi hii haingoji daktari.

Jambo moja husahauliwa: ndugu za majeruhi. Wakigawanywa hospitali tatu, familia huzunguka usiku kucha. Mtu mmoja abaki pale penye ajali na daftari, aandike jina la kila anayeondoka, gari lililombeba na linakokwenda. Asiyeweza kusema, aandikiwe nguo alizovaa na umri wa kukadiria. Daftari hilo apewe kiongozi wa mtaa, familia zikaulize kwake kwanza kabla ya kujaa mlangoni pa hospitali.