Ukiwashwa Zaidi ya Wiki Sita, Usiilaumu Sahani

Kwetu Lalago, mtu akitokwa na mabaka yanayowasha, mshitakiwa wa kwanza ni chakula. Ataambiwa aache dagaa, kisha mayai, kisha karanga. Mwezi wa pili unaingia, mboga zimeisha sahanini, na mabaka bado yapo. Hata hapa chuoni nimewasikia wenzangu wakijinyima hivyohivyo. Ndiyo maana naandika.

Mabaka haya, kitaalamu urtikaria, huvimba na kuwasha. Kwa kawaida kila baka hufutika ndani ya saa 24, halafu jingine linaibuka kwingine. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane, kwa hiyo papasa uvimbe. Yakiwa ya siku chache, chanzo chaweza kuwa chakula, dawa au maambukizi. Yakipita wiki sita ni sugu, na hapo chakula ni nadra sana kuwa chanzo.

Sasa chanzo ni nini? Ngozini kuna seli za masti zilizojaa histamini. Kwa wagonjwa wengi wa aina sugu, kinga ya mwili wenyewe ndiyo inayozichokoza seli hizo zimwage histamini. Yaani, walinzi wamemgeukia mwenye nyumba.

Kinga hiyohiyo inaweza kuishambulia tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo. Daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto, alieleza ugonjwa wa tezi wa namna hii mwaka 1912. Mwaka 1983 Arthur Leznoff na wenzake, nchini Kanada, walichunguza wagonjwa 140 wa urtikaria sugu: 17 walikuwa na dalili za kinga kushambulia tezi.

Tuelewane hapa. Siyo kwamba tezi ndiyo inayoleta mabaka. Magonjwa haya mawili hufuatana kwa sababu yote yanatokana na kinga iliyopotoka. Wagonjwa wengi wa mabaka tezi zao ni nzima. Wala usisubiri kuona goita: ile tuliyofundishwa shuleni ni ya upungufu wa madini joto, na hii ni habari nyingine.

Basi ufanye nini? Kama unawashwa wiki ya saba, na pia unachoka ovyo, unahisi baridi kuliko wenzako, unanenepa bila sababu au hedhi imevurugika, mwombe daktari vipimo vya damu vya TSH na kingamwili za TPO. Kwa sisi wa Simiyu, hospitali ya rufaa ya kanda ni Bugando, Mwanza. Nauli inauma, najua, lakini kujinyima chakula miezi mitatu bila faida kunauma zaidi.

Mabaka hutibiwa kwa dawa kama setirizini au loratadini, zinazomezwa kila siku, siyo siku ya kuwashwa tu. Daktari anaweza kupandisha dozi; usijipandishie mwenyewe. Vidonge vya homoni ya tezi ni vya yule ambaye vipimo vimeonyesha tezi yake imelegea.

Ila ulimi ukivimba au pumzi ikibana, usingoje kipimo chochote. Kimbia hospitali saa hiyohiyo.