SOMO: Kununua Nyumba Karibu na Bahari – Uliza Kwanza Udongo ni wa Nani



Vikundi vingi vya vijijini vikishaweka akiba kidogo huanza kuwaza ploti ya mjini. Wengine wana watoto wanaofanya kazi Mombasa, na watoto hao huleta habari: "Huku Nyali na Kisauni watu hawakosi. Nunueni nyumba, mpangishe vyumba, pesa iingie kila mwezi." Wazo si baya. Lakini pwani kuna jambo moja ambalo mtu wa bara, na hata wa pwani mwenyewe, anaweza kulipita bila kuliona. Somo hili linahusu jambo hilo.

Lisomeni kwa sauti mkutanoni. Mkifika kwenye hesabu, mweka hazina aandike ubaoni au chini mchangani ili kila mtu aone.

MTAA WENYEWE UKOJE?

Ukitoka kisiwa cha Mombasa kwenda kaskazini unavuka Daraja la Nyali. La kwanza, lililojengwa 1931, lilikuwa la kuelea juu ya maji. Hili la sasa ni la 1980. Ukishavuka, Kongowea iko hapo karibu na soko lake kubwa, ambako malori ya vitunguu, viazi na ndizi hushusha mizigo kutoka pembe zote za nchi. Kengeleni ni jina lililotokana na kengele ya Frere Town, makao ya watumwa waliokombolewa, yaliyoanzishwa 1875. Mbele zaidi ni Bamburi na ufuo wa umma unaojaa watu kila sikukuu.

Upande wa bahari kuna nyumba kubwa, hoteli na fleti ndefu. Ukitembea kidogo tu kuingia ndani, unakuta mitaa iliyobanana: vyumba vya kupanga, vibanda vya chapati na mahamri, tuktuk, mafundi, harusi za usiku kucha. Mpishi, mlinzi, mama muuza mboga na kijana wa hoteli wote wanatafuta chumba karibu na kazi. Ndiyo maana wapangaji hawakosi.

Maisha ya hapo yana gharama zake. Hewa ya chumvi hula mabati na misumari haraka. Visima vingi vina maji ya chumvi, na maji ya mfereji, yanayotoka mbali kama Mzima na Baricho, hukatika mara kwa mara. Basi mpangaji hununua mitungi kwa mkokoteni. Mwamba wa matumbawe hupitisha maji upesi, kwa hiyo kisima kilicho karibu na shimo la choo ni hatari kwa afya. Mapato ya watu nayo hupanda na kushuka na watalii: Desemba mpangaji hulipa kwa furaha, lakini Mei, mvua ikinyesha na hoteli zikipunguza wafanyakazi, huomba mwezi mmoja wa subira. Haya yote yatieni kwenye hesabu.

NYUMBA NI KITU KIMOJA, UDONGO NI KITU KINGINE

Sasa tuingie kwenye kiini cha somo.

Bara tumezoea kwamba aliyenunua nyumba amenunua na ardhi iliyo chini yake. Mombasa si lazima iwe hivyo. Kuna desturi ya zamani ya "nyumba bila ardhi": mwenye ardhi humruhusu mtu kujenga kwenye kiwanja chake na kulipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Kuta na mabati ni ya aliyejenga. Udongo unabaki wa mwenye ardhi. Aliyejenga anaweza kuiuza nyumba yake, na huyo mnunuzi naye ataendelea kulipa kodi ya kiwanja.

Mambo haya yana historia. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na Waingereza wakaanza kuutawala kwa mkataba wa 1895. Mwaka 1908 ikatungwa sheria iliyomtaka kila mwenye madai ya ardhi katika ukanda huo ajitokeze ayaandikishe. Waliojua taratibu za serikali wakaandikisha na kupata hati. Wengi wengine, hasa Wamijikenda, hawakuandikisha, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Hivyo familia zilizokaa mahali vizazi kadhaa zikajikuta zinaishi juu ya ardhi ya mtu mwingine. Sheria hiyo ilifutwa 2012, lakini matokeo yake bado tunakanyaga kila siku.

Kwa hiyo mtu akikwambia, "Hii nyumba ni yangu, niliijenga kwa mikono yangu," anaweza kuwa anasema kweli tupu, na bado hana udongo wa kukuuzia.

TUCHUKUE MFANO

Tuseme kikundi kina wanachama 25, kila mmoja hutoa shilingi 1,000 kwa mwezi. Baada ya miaka 3:

25 × 1,000 × miezi 36 = shilingi 900,000

Anakuja broka na habari ya nyumba ya Kiswahili yenye vyumba 6 na ukumbi katikati. Bei ni hiyo hiyo 900,000. Kila chumba hupangishwa kwa 3,000.

6 × 3,000 = shilingi 18,000 kwa mwezi

900,000 ÷ 18,000 = miezi 50

Wanakikundi wanapiga makofi. Miezi 50 tu pesa imerudi, halafu ni faida! Hakuna aliyeuliza udongo ni wa nani. Pesa inalipwa, karatasi inaandikwa mbele ya mzee wa mtaa, watu wanapiga sahihi na vidole gumba.

Mwezi wa 20 inakuja barua. Mwenye ardhi ameuza kiwanja kwa mtu anayetaka kujenga fleti. Kikundi kinaambiwa kiondoe nyumba yake. Waende nayo wapi? Mabati na milango wataondoka navyo, lakini kuta hazibebeki. Tuhesabu tena:

Kodi iliyopatikana, 20 × 18,000 = shilingi 360,000

Pesa iliyotoka = shilingi 900,000

Hasara = shilingi 540,000

Hapo hatujatoa kodi ya kiwanja, ukarabati, wala miezi ambayo chumba kilikaa bure. Hiyo 540,000 ni ada za shule za watoto, ni dawa za wazee, ni miezi zaidi ya 21 ya michango ya kikundi kizima.

Je, tuseme nyumba bila ardhi isinunuliwe kamwe? Hapana. Watu wengi wa Mombasa wamelea watoto ndani ya nyumba hizo. Lakini jueni mnanunua nini: mnanunua miezi. Ulizeni mwenye ardhi, si muuza nyumba peke yake, yuko tayari kuwaandikia miezi mingapi. Kama hesabu yenu inahitaji miezi 50 na yeye hataki kuandika hata 12, basi hiyo bei si ya kwenu. Mkataba kama huo upitie kwa wakili wenu, maana mkataba wa miaka mingi unataka kusajiliwa ili uwe na nguvu.

HATUA ZA KUFUATA MKITAKA NYUMBA PAMOJA NA UDONGO

1. Nendeni mkaone kwa macho. Tumeni watu watatu, si mwenyekiti peke yake. Waende mchana, warudi usiku, na ikiwezekana waende wakati wa mvua. Waongee na wapangaji, majirani na mzee wa mtaa. Wanaoishi pale waulizwe, "Mnamlipa nani?" Swali hilo dogo hufichua mengi.

2. Fanyeni upekuzi rasmi kwenye afisi ya usajili wa ardhi. Chukueni namba ya ploti. Jibu litaonyesha jina la mwenye ardhi, kama kuna mkopo wa benki juu yake, na kama kuna mtu ameweka zuio. Siku hizi shughuli nyingi za usajili zinahamishiwa kwenye mtambo wa Ardhisasa, uliozinduliwa 2021. Ulizeni afisi ploti yenu iko kwenye utaratibu gani. Nakala ya hati anayotembea nayo broka si upekuzi.

3. Angalieni aina ya hati. Kuna ardhi ya kumiliki moja kwa moja na kuna ya kukodi kwa miaka. Ukodishaji wa miaka 99 ulioanza 1950 unaisha 2049. Anayenunua leo ananunua miaka iliyobaki tu.

4. Pimeni. Mpima ardhi aliyesajiliwa aonyeshe bikoni zote. Karibu na bahari kuweni macho zaidi. Katiba ya 2010 inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Tena kanuni za upimaji za 1994 zinataka ardhi ya serikali inayopimwa kando ya bahari ili igawiwe, kwa kawaida iachiwe ukanda usiopungua mita 60 kutoka maji yanapojaa. Mtu akikuuzia ufuo, amekuuzia mbuzi kwenye gunia.

5. Kuweni na wakili wenu. Wakili wa muuzaji ni wa muuzaji. Mapatano ya kuuza ardhi lazima yawe kwa maandishi, yatiwe sahihi na kushuhudiwa. Kama ni nyumba ya familia, mume au mke wa muuzaji naye akubali kwa maandishi. Kama ni ardhi ya kilimo, idhini ya bodi ya ardhi inahitajika, na maombi yapelekwe ndani ya miezi 6. Bila idhini hiyo mapatano hayana nguvu.

6. Lipeni kwa njia inayoacha alama. Malipo ya mwanzo kwa kawaida ni asilimia 10. Lipeni kupitia benki, si pesa taslimu ndani ya bahasha. Hakikisheni muuzaji amemaliza reti za kaunti, na kodi ya serikali kama ardhi ni ya kukodi. Halafu kuna ushuru wa stempu, ambao ni juu ya mnunuzi: mjini ni asilimia 4 ya thamani. Kwa ploti ya thamani ya 900,000 ni shilingi 36,000. Ongezeni ada ya wakili na ya mpima. Kikundi kinachomaliza akiba yote kwenye bei hukwama mlangoni pa usajili.

7. Kama ni fleti, ulizeni kama ina hati yake. Sheria ya 2020 inaruhusu kila fleti iwe na hati yake pekee. Ulizeni pia mchango wa kila mwezi wa ulinzi, maji na usafi.

HATI IANDIKWE JINA LA NANI?

Vikundi vingine hushinda hatua zote hizo, halafu huangukia hapa. "Tuandike jina la mwenyekiti, yeye ni mtu mzuri." Ni mzuri, ndio. Lakini siku akifa, kwenye hati kuna jina lake tu, na warithi wake hawajawahi kukaa mkutanoni kwenu. Mwulizeni wakili njia inayowafaa: kuandika majina ya wenye hisa na kiasi cha kila mmoja, kuteua wadhamini, au kusajili kampuni au chama cha ushirika. Kisha andikeni kwenye kumbukumbu za mkutano nani ametoa ngapi, na kila mtu apate nakala. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

MASWALI YA KUJADILIANA

- Katika kikundi chetu, nani anajua tofauti ya nyumba na udongo? Tumweleze mwenzetu ambaye hayupo leo.
- Tukipata nyumba bila ardhi, tunahitaji miezi mingapi pesa irudi? Tufanye hesabu, tukiacha miezi 2 kila mwaka ya vyumba vitupu.
- Mwanachama akitaka kutoka, fungu lake litalipwaje bila kuuza nyumba?
- Nani watatu wataenda kuona, na nauli itatoka wapi?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mwanachama amwulize ndugu au jirani mmoja aliyenunua ploti mjini: alianza na nini, na angependa angeuliza nini mapema? Leteni majibu.

Na broka akiwaharakisha, "Kuna mwingine anakuja kesho na pesa," mwacheni huyo mwingine anunue. Pesa ya miaka 3 ya watu 25 inaweza kungoja wiki mbili za upekuzi. Mwenda pole hajikwai.