Kura ni Amana

Mwafrika wa Tanga aliyetaka kupiga kura katika uchaguzi wa 1958 alitakiwa awe na kiwango fulani cha elimu, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kilichotambuliwa. Wakata mkonge wengi wakabaki nje.

Leo Katiba, ibara ya 5, yamtaka raia awe na miaka 18 tu. Je, kijana, jina lako limo daftarini? Diwani hupitisha bajeti ya halmashauri. Mbunge hutunga sheria Dodoma. Usipojua hayo, utamdai nani barabara uliyoahidiwa?

Kurani Tukufu, katika Sura An-Nisaa, yaamuru amana wakabidhiwe wanaostahili. Kura nayo ni amana. Basi usimpe mtu kwa sababu ni jirani, wala kwa sababu amemgawia mama yako kanga.