Kompyuta ya Bei Nafuu Yenye Linux: Yajue Haya Kabla ya Kutuma Pesa

Juzi mama mmoja mwenye duka dogo la fotokopi alitujia na swali. Alikuwa ameona kompyuta mbili za mezani, zimefanana kama pacha. Moja ilikuwa shilingi 16,000 na ndani ina Linux. Ya pili ilikuwa shilingi 19,500 na muuzaji alisema "hii iko na Windows." Alipouliza tofauti, akaambiwa ile ya kwanza ni ya watu wa IT.

Pesa zenyewe zilikuwa za chama. Zamu yake ilikuwa imefika, na akikosea, zamu nyingine ni mwaka ujao. Akatuuliza: "Nikituma pesa leo kwa hii ya bei ya chini, nitajuta?"

Swali ni zuri, na tumeona si yeye peke yake anayejiuliza. Kwa hivyo somo letu la leo ni hilo. Jibu linategemea mambo matatu: kazi unayotaka kufanya, hali ya mashine yenyewe, na vile utakavyolipa. Twende pole pole.

Linux ni kitu gani hasa?

Kila kompyuta inahitaji mfumo endeshi, yaani ile programu kubwa inayoamsha mashine na kuziongoza programu nyingine zote. Windows ni mfumo mmoja. Linux ni mwingine. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kule Helsinki, Finland. Tangu hapo watu na kampuni za nchi nyingi wameendelea kukijenga, na mtu yeyote anaruhusiwa kukitumia bila kununua leseni.

Linux huja kwa matoleo mengi. Yale utakayokutana nayo sana madukani ni Ubuntu na Linux Mint. Ubuntu ilitoka mwaka 2004, ikianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Hata jina lake si geni kwetu: ubuntu ni ndugu wa neno letu utu.

Na kama simu yako ni ya Android, jua kwamba umekuwa ukitumia kiini cha Linux kila siku bila kuambiwa wewe ni mtu wa IT.

Mbona bei iko chini?

Sababu ya kwanza ni leseni. Windows inalipiwa, Linux hailipiwi. Muuzaji akiweka Linux, gharama hiyo inatoka kwenye bei.

Wazo hili si jipya. Mwaka 2007 kampuni ya Dell ilianza kuuza baadhi ya kompyuta zake zikiwa na Ubuntu tayari. Mwaka huo huo, maduka ya Walmart kule Marekani yaliuza kompyuta ya Linux kwa dola 199, na zilinunuliwa haraka. Lakini mwaka 2008 Walmart iliacha kuziweka madukani, ikabaki kuziuza mtandaoni. Funzo tunalochukua hapo ni kwamba bei nzuri pekee haitoshi. Mnunuzi akifika nyumbani na kitu ambacho hakukitarajia, hata bei nafuu humuuma.

Sababu ya pili ni ya majuzi. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inachagua mashine: kwa upande wa Intel, nyingi za chini ya kizazi cha 8 hazikubaliwi rasmi. Matokeo yake, kompyuta nyingi za ofisini ambazo bado ni nzima zimekosa mahali pa kwenda. Ndizo hizo unazoziona Moi Avenue na Luthuli Avenue zikiitwa ex-UK: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Mashine ya kizazi cha 6 yenye Linux bado inapata masasisho ya usalama. Ikiwa na Windows 10, huyapati ila uwe umejiunga na mpango wa nyongeza ya muda.

Na ile ya 19,500? Uliza leseni yake imetoka wapi. Baadhi ya mashine za ofisi zilikuja na leseni halali tangu kiwandani, na hiyo ni sawa kabisa. Lakini nyingine zimewekewa Windows ya kuvunjwa kufuli. Programu za kuvunja kufuli ni mlango unaopendwa na wezi wa nywila. Ukiongeza shilingi 3,500 ili upewe hiyo, umelipia hatari.

Hatua ya 1: Andika kazi zako kwenye karatasi

Usiulize "Linux ni nzuri?" Uliza "Linux itafanya kazi zangu?" Kaa chini uandike kila kitu unachofanya kwa wiki moja.

Kazi zinazofanyika kwenye kivinjari hazina shida. eCitizen, barua pepe, masomo ya mtandaoni, benki, YouTube: zote zinafunguka kwa Firefox au Chrome kama kawaida. Kuandika barua, CV na hesabu ndogo kunafanyika kwa LibreOffice, ambayo kwa kawaida huwa imo tayari na inafungua faili za Word na Excel. Kurekebisha picha za pasipoti unaweza kutumia GIMP, ingawa itakubidi ujifunze.

Kazi zenye shida ni hizi: QuickBooks ya kusakinisha kwenye mashine, Photoshop, michezo kadhaa mikubwa, na faili za Excel zenye makro. Hii ya mwisho iangalie sana kama unajazia watu ritani za KRA kwa fomu ya kupakua. Beba fomu hiyo kwenye flashi uijaribu dukani. Pia Word yenye majedwali mengi inaweza kufunguka ikiwa imepinda kidogo kwenye LibreOffice.

Kama riziki yako inategemea programu moja ambayo haipo kwa Linux, usijilazimishe. Tafuta mashine yenye Windows halali hata kama utangoja mwezi mwingine.

Hatua ya 2: Jaribu mashine dukani, dakika 15 tu

Usikubali kuonyeshwa kompyuta iliyozimwa. Iwashwe mbele yako, kisha uangalie:

1. *Kumbukumbu na prosesa.* Fungua programu inayoitwa Terminal. Andika `free -h` uone RAM, halafu `lscpu` uone prosesa. Kwa kazi za kawaida, tafuta RAM ya GB 8. GB 4 itakusumbua ukifungua kurasa nyingi.

2. *Diski.* Andika `lsblk -d -o NAME,SIZE,ROTA`. Ukiona 0 chini ya ROTA, hiyo ni SSD. Ukiona 1, ni diski ya kuzunguka, ambayo ni ya polepole. Kama tangazo lilisema SSD na wewe unaona 1, umeokoa pesa zako.

3. *Intaneti.* Kompyuta nyingi za mezani hazina Wi-Fi ndani. Utauziwa kifaa kidogo cha kuchomeka, na si vyote vinavyokubaliana na Linux. Kichomeke hapo hapo, uunganishe na hotspot ya simu yako.

4. *Printa.* Kama una printa, ibebe. Ndiyo, hata kwa matatu. Printa nyingi za HP hukubali bila maneno mengi, lakini nyingine zinataka dereva wa kutafutwa. Chapisha ukurasa mmoja na skani mmoja. Kuchapisha kukikubali si lazima skana ikubali.

5. *Sauti, matundu ya USB na skrini.* Cheza video moja, na uchomeke flashi kwenye kila tundu.

6. *Nywila.* Uliza nywila ya akaunti iliyomo. Bila hiyo hutaweza kuweka programu wala masasisho, na utarudi kwa fundi kila mara.

Hatua ya 3: Lipa kwa njia inayoacha alama

Hapa ndipo sisi tunaingia, na tutasema ukweli hata pale usipotufaa.

Lipa baada ya kujaribu. "Tuma deposit nikuwekee, kuna mtu anakuja kuichukua" ni maneno tunayoyasikia sana kwenye malalamiko ya wateja. Mashine za aina hii ziko nyingi. Ikienda, utapata nyingine.

Lipa kwa nambari ya till au Paybill ya duka, si kwa nambari binafsi ya mtu wa mauzo. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye simu. Je, ni jina la duka ulimosimama? Ukiambiwa "hiyo till ina shida, tumia hii yangu," simama kwanza uulize mwenye duka.

Tuelewane pia kuhusu kurudishiwa pesa. Ukikosea nambari, tuarifu mara moja, na tutafuatilia pesa ambazo hazijatolewa. Lakini ukituma kwa nambari uliyokusudia, kisha kompyuta ikawa mbovu, hilo si kosa la muamala. Sisi hatuwezi kuamua kati yako na muuzaji. Kinachokulinda hapo ni risiti.

Kwa hivyo dai risiti iliyoandikwa: jina la duka, aina ya kompyuta, nambari yake ya mfululizo (serial) iliyo kwenye kibandiko, RAM, diski, maneno "Linux imesakinishwa," na muda wa garantii. Ukiwa na biashara, omba risiti ya eTIMS ili uweze kuihesabu kama gharama kwenye kodi. Ujumbe wa uthibitisho wa malipo usiufute. Unaonyesha siku, kiasi na aliyepokea.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa na haki ya kupewa habari za kutosha kuzihusu. Muuzaji akikataa kukusikiza, unaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Ukifika huko na risiti, una kesi. Ukifika na mdomo mtupu, una hadithi.

Na lipa mdogo mdogo je?

Si mbaya, lakini piga hesabu kabla ya kusaini. Tuseme kompyuta ya pesa taslimu ni 20,000. Unapewa mpango wa kuweka 6,000, kisha 150 kila siku kwa siku 140. Hiyo 150 mara 140 ni 21,000. Ukijumlisha na 6,000, umelipa 27,000. Zile 7,000 za juu ndizo bei ya kungojewa. Kama mashine itakuingizia pesa kila siku, huenda inafaa. Kama ni ya kutazama filamu, afadhali uweke akiba.

Ukifika nyumbani

Badilisha nywila siku hiyo hiyo. Fungua Terminal, andika `passwd` na ufuate maelekezo. Kisha fungua programu ya masasisho uyaweke. Masasisho ya kwanza hula bando, kwa hivyo kama duka lina Wi-Fi, waombe wayamalize kabla hujaondoka.

Na usidanganywe kwamba Linux haiibiwi. Virusi vinavyoilenga ni vichache zaidi, lakini tovuti ya uongo ni ya uongo kwenye mfumo wowote. Kumbuka sheria yetu moja: PIN yako haiandikwi kwenye kompyuta. Ukinunua kitu mtandaoni, ombi la malipo linakuja kwenye simu yako, na PIN unaiweka hapo. Ukurasa wowote unaokuomba PIN ya pesa za simu, ufunge.

Yule mama alifanya nini?

Alirudi dukani na karatasi yake ya kazi na printa yake kwenye mfuko wa sokoni. Prosesa ilikuwa sawa, RAM GB 8, diski SSD. Printa ilichapisha, na skana ikakubali baada ya fundi kuweka dereva. Lakini kile kifaa cha Wi-Fi kilikataa kabisa. Fundi alikibadilisha mara mbili, cha tatu kikashika. Ndipo akalipa 16,000 kwa till ya duka, akaondoka na risiti ya miezi sita ya garantii. Ritani zenye makro anaendelea kuzijazia kwa jirani yake mwenye saiba, na hilo alilijua kabla ya kulipa.

Kama angetuma pesa asubuhi ile alipotuuliza, angefika nyumbani na kompyuta isiyo na intaneti, na pesa tayari ziko kwa mtu mwingine.

Zoezi lako la wiki hii: chukua karatasi, andika kazi tano unazotaka kompyuta ikufanyie, na uweke alama kwa kila moja inayofanyika kwenye kivinjari. Zikiwa zote tano, Linux inakutosha. Ikibaki moja, ibebe hiyo moja hadi dukani uijaribu kwanza. Pesa zitangoja kwenye simu.