Nani Mtaalamu wa Afya ya Akili ya Mtoto?

Wahenga walinena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ni neno la hekima kwa upande wa adabu na tabia njema. Lakini neno hilohilo hugeuka kuwa mkuki pale mtoto anapofikisha miaka mitatu bila kusema, akakwepa macho ya watu na kucheza peke yake kutwa nzima, na majirani wakaanza kumnyooshea mama yake kidole. Mzazi aliyefikwa na hali hiyo hutafuta msaada kwa haraka, na katika haraka hiyo aweza kumwamini yeyote ajiitaye mtaalamu. Somo la toleo hili lajibu swali moja: mwananchi atamtambuaje mtaalamu wa kweli wa afya ya akili ya mtoto?

Aina mbili za kutambuliwa

Mtaalamu hutambuliwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni sifa: jina lake huvuma, huandika vitabu, hualikwa redioni, hupewa tuzo. Njia ya pili ni sheria: amesomea kazi yake, ameandikwa katika daftari la baraza la taaluma yake, ana leseni, na akikosea yuko wa kumwajibisha. Mara nyingi njia hizi mbili hukutana kwa mtu mmoja. Zinapoachana, anayeumia ni mtoto.

Funzo kutoka Marekani

Mwaka 1943, Leo Kanner, daktari wa Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, alichapisha maelezo ya watoto 11 waliokuwa na hali ambayo leo twaiita usonji. Maelezo yake yalikuwa ya makini, na miaka minane kabla ya hapo alikwisha kuandika kitabu cha kufundishia tiba ya akili ya watoto. Hata hivyo, katika maandishi yake aligusia pia ubaridi wa baadhi ya wazazi kwa watoto wao. Cheche hiyo ilipata wa kuipuliza.

Mmoja wao alikuwa Bruno Bettelheim, aliyeongoza shule ya watoto wenye matatizo ya akili katika Chuo Kikuu cha Chicago kuanzia mwaka 1944 hadi 1973. Katika kitabu chake cha mwaka 1967 alidai kuwa usonji hutokana na mama asiyempenda mtoto wake. Alisifiwa sana na kusomwa na wengi. Baada ya kufa kwake mwaka 1990, uchunguzi ulionyesha kuwa alikuwa ametia chumvi katika sifa zake za kitaaluma. Shahada yake ya udaktari kutoka Vienna ilihusu falsafa, wala haikuwa ya tiba. Baadhi ya watu waliolelewa katika shule yake walieleza kuwa walikuwa wakipigwa. Kwa miaka mingi akina mama walikuwa wamebeba hatia isiyo yao.

Kosa hilo lilisahihishwa na utafiti. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa pia baba wa mtoto mwenye usonji, alitoa kitabu kilichoeleza kuwa chanzo kimo katika mwili na ubongo. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha uchunguzi wao wa jozi 21 za mapacha nchini Uingereza. Katika jozi 11 za mapacha wa kufanana, jozi nne zilikuwa na usonji kwa watoto wote wawili. Katika jozi 10 za mapacha wasiofanana, hapakuwa na hata moja ya namna hiyo. Mapacha hulelewa na mama mmoja katika nyumba moja, hivyo tofauti hiyo haikuweza kuelezwa kwa malezi. Ilielekeza kwenye urithi wa damu.

Hapa ndipo ilipo thamani ya mtafiti. Tabibu humhudumia mtoto aliye mbele yake, na mtafiti hupima kama yale tabibu anayoyaamini ni ya kweli.

Utaratibu wa hapa nchini

Tanzania Bara, madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, chini ya sheria ya mwaka 2017. Wauguzi na wakunga husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, chini ya sheria ya mwaka 2010. Waganga wa tiba asili na tiba mbadala nao wana baraza lao, kwa sheria ya mwaka 2002. Wataalamu waliobobea katika akili ya mtoto ni wachache. Kwa hiyo safari ya mzazi huanzia zahanati au kituo cha afya, na kutoka hapo hupewa rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa.

Kuuliza si ujinga. Kabla ya kumkabidhi mtu mtoto wako, muulize kwa heshima:

1. Umesomea nini, na wapi?
2. Umesajiliwa na baraza gani, na leseni yako ingali hai?
3. Tiba hii ina faida gani na madhara gani, na tutajuaje kama inafaa?
4. Ikishindikana, utatupeleka kwa nani?

Mtaalamu wa kweli hachukizwi na maswali haya. Anayeahidi kuponya kila hali kwa siku chache, anayekataza usiende hospitali, au anayemfunga na kumpiga mtoto kwa jina la tiba, aripotiwe kwa afisa ustawi wa jamii au kwa mtendaji wa kata.

Mtafiti akifika shuleni au nyumbani, mwombe akuonyeshe kibali cha maadili ya utafiti. Akueleze kusudi la kazi yake kwa lugha unayoielewa, kisha aombe ridhaa yako kabla ya kumhoji mtoto. Unayo haki ya kukataa, na kukataa kwako kusikunyime huduma yoyote.

Nasi wananchi tuna wajibu. Muuguzi wa zahanati anayemsikiliza mtoto kwa subira, bila kumlaumu mama, anastahili kutajwa kwa wema katika mkutano wa kijiji. Kutambuliwa kwa namna hiyo hakuna cheti, lakini humpa moyo wa kubaki kijijini.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini sifa ya Bettelheim haikuwatosha wazazi kuwa kinga?
2. Katika kitongoji chetu, mama wa mtoto mwenye usonji huambiwa nini? Je, maneno hayo yana ukweli?
3. Mtoto wa jirani akionekana kuchelewa kusema, tumwelekeze mzazi wake wapi kwanza?